Kitenzi cha Kilithuania: kariri maumbo matatu

Unayejifunza Kilithuania, usikariri kitenzi kwa umbo moja. Shika matatu kwa pamoja: duoti (kutoa, kupa), duoda (anatoa), davė (alitoa). La kwanza linakupa wakati ujao, duosiu, na amri, duok. La pili linazaa duodu (natoa), duodi (unatoa), duodame (tunatoa). La tatu ndilo msumbufu, maana shina limegeuka: daviau (nilitoa), davei (ulitoa). Nafsi ya tatu ni nafuu kubwa, kwani duoda ni yeye na ni wao pia.

Mzizi wa duoti ni wa kale, ndugu wa dare ya Kilatini na dadāti ya Kisanskriti. Maandishi ya zamani yana hata duomi, “natoa”. Kuhusu duodavo, “alikuwa akitoa mara kwa mara”, anzia duoti, ondoa -ti, weka -davo. Usiichanganye na davė.