Kabla ya Kufukia Taka: Udongo Upi, kwa Mpangilio Gani

Taka zikishafukiwa, kinachobeba sumu yake ni maji. Ndiyo maana jambo la kwanza la kujua ni kina cha maji ya ardhini chini ya sakafu ya shimo. Pima wakati yamepanda kabisa, baada ya mvua nyingi. Kipimo cha kiangazi kinapotosha.

Chini ya taka hukaa mfinyanzi ulioshindiliwa. Kiwango kinachotumika sana ni udongo unaopitisha maji kwa kasi isiyozidi sentimita 0.0000001 kwa sekunde, yaani kama sentimita 3 kwa mwaka. Kwa dampo za kawaida, kanuni za Marekani zinadai unene wa sentimita 60, na karatasi ya plastiki juu yake. Kasi hiyo ndogo hutokana na kazi ya mikono na mitambo. Mabonge yavunjwe, unyevu uwe wa kutosha udongo ufinyangike, na ushindiliwe tabaka kwa tabaka, kila moja kama sentimita 15. Uso wa kila tabaka ukwaruzwe kabla ya kuongeza jingine, la sivyo maji yatapenya kwenye maungio. Kisha ufunikwe mapema: mfinyanzi ukikauka hupasuka, na ufa mmoja huharibu kazi yote.

Juu ya mfinyanzi weka kokoto na mabomba ya kutolea maji machafu, yasituame.

Je, unajua ndani ya taka kuna nini? Mfinyanzi hunasa seziamu (metali ambayo huweza kuwa na mionzi) na metali nyingine nyingi, lakini kloridi na naitreti, chumvi zinazoyeyuka majini, huupita karibu bila kizuizi, na maji yenye tindikali huachilia hata metali zilizokwisha kunaswa. Kemikali nyingine husambaa polepole hata pale maji yasipotembea.

Kwa kifuniko, udongo laini ukae juu ya changarawe. Wengi hudhani changarawe itayavuta maji chini, kumbe vitundu vyembamba vya udongo laini huyashikilia hadi ukaribie kulowa kabisa, na mimea huyanyonya kabla hayajashuka. Ila udongo usijipenyeze kwenye changarawe, kwa hiyo tenganisha kwa kitambaa cha kuchujia. Epuka miti yenye mizizi mirefu.

Mwisho, chimba visima vya uchunguzi, upande maji yanakotoka na upande yanakoelekea, uchukue sampuli kabla mzigo wa kwanza haujafukiwa. Bila vipimo hivyo, uchafu ukionekana baadaye hakuna atakayeweza kuthibitisha ulianza lini.