Nyuzi za gitaa kavu kwa mpigaji wa pwani

Kabla hujauliza bei ya nyuzi, angalia kwanza daraja la gitaa lako, kile kibao kilichogundishwa kwenye tumbo lake. Ukiona mwisho wa kila uzi umeingia tunduni na kuzibwa kwa pini, gitaa lako kwa kawaida ni la nyuzi za chuma. Ukiona nyuzi zimepita ndani ya kibao na kufungwa fundo, hilo ni la nailoni. Shingo nayo inasema: ya gitaa la nailoni ni pana zaidi.

Naanza na daraja kwa sababu mimi mwenyewe sikuanza nalo. Nilikuwa na miaka 17, napigia kwaya hapa Tanga kwa gitaa la nailoni la kuazima, na sauti yake haikuwa inafika kwenye viti vya nyuma. Nikanunua seti ya chuma, nikaifunga jioni. Usiku ule nilicharaza mpaka nikasahau kula, jinsi lilivyokuwa linalia. Alfajiri nikaamshwa na mlipuko. Daraja lilikuwa limeng'oka, linaning'inia kwenye nyuzi, na pale lilipokuwa mbao imechanika, imebaki nyeupe na vibanzi kama kifuu kilichopasuliwa vibaya. Seti ya chuma ya kawaida huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 70. Ya nailoni ni kama kilo 40. Gitaa lile halikujengwa kubeba mzigo huo. Nililipa kidogo kidogo kwa miezi minne. Kwa hiyo nakuomba: gitaa la nailoni lifungie nailoni, hata kama ni ibada moja tu.

Kama lako ni la chuma, swali linalofuata ni unene. Wapigaji huita seti kwa namba ya uzi wa kwanza. Seti ya 10 maana yake uzi mwembamba kuliko wote una inchi 0.010, yaani robo ya milimita hivi. Seti ya 12, ambayo magitaa mengi ya dukani hutoka nayo, huanzia 0.012 hadi besi, uzi mnene kuliko wote, ya 0.053 au 0.054. Ipo na ya 13, hiyo ni ya mwenye vidole vigumu na gitaa imara.

Mwanafunzi mpya namwanzishia 10 au 11. Mwaka huu alikuja binti mmoja, ncha za vidole zimeiva kwa malengelenge, akaniambia, "Shikamoo mwalimu, nadhani mimi gitaa sina kipaji." Nikaligusa gitaa lake: seti ya 12, na nyuzi zimekaa juu mno ya freti, vile vyuma vilivyokatiza shingo. Tulifunga 11, tukashusha sauti nusu toni, na kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ya F iliyokuwa inamtoa machozi ikalia wiki ileile. Akitaka kuimba kwenye ufunguo wake wa zamani, anabana kapo, kibanio cha shingoni kinachopandisha sauti, kwenye freti ya kwanza.

Anayekung'uta kodi kusindikiza kwaya bila spika atahitaji 12. Nyuzi nyembamba zikipigwa kwa nguvu hukwaruza na sauti haijai. Lakini kama unapenda kudonoa kwa dole gumba na kidole cha shahada, mtindo wa kina Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga, Kongo, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, 11 itakujibu vizuri: gumba linatembea kwenye besi, shahada inaimba juu, na huhitaji nguvu. Na kama umerithi galatoni, gitaa kavu la zamani, kuukuu ya mzee, tumbo limeanza kuvimba nyuma ya daraja, usizidishe 10.

Ukibadili unene, mvuto wa shingo nao hubadilika. Ukishuka kutoka 12 hadi 10 na nyuzi zikaanza kukereza kwenye freti, mpelekee fundi akaze au alegeze kidogo chuma kilicho ndani ya shingo. Usikizungushe mwenyewe kwa kubahatisha.

Sasa madini. Besi za rangi ya manjano ya dhahabu zimezungushiwa waya wa shaba asilimia 80 na zinki 20. Zikiwa mpya zinang'aa sana masikioni, ila hufifia upesi. Zenye wekundu, waya wake ni wa shaba na bati lenye fosforasi kidogo. Sauti yake ni ya joto na hudumu zaidi. Kwa hewa hii yetu ya chumvi nachagua nyekundu bila kusita. Nikiwa na pesa nanunua zilizopakwa utando mwembamba wa plastiki: bei ni kubwa, lakini kwangu za kawaida hufa ndani ya wiki tatu na hizo hufika miezi mitatu. Jirani yangu mwenye mikono mikavu hukaa na za kawaida miezi miwili, kwa hiyo jipime na jasho lako.

Dukani hakikisha hujapewa seti ya gitaa la umeme. Uangalie uzi wa tatu: kwenye seti nyingi za gitaa kavu umezungushiwa waya, kwenye za umeme mara nyingi ni mtupu. Pakiti iliyotoboka iache, hata ikipunguzwa bei.

Nyumbani, badilisha uzi mmoja mmoja, na kila ukimaliza kupiga futa nyuzi kwa kipande cha kanga kikavu, juu na chini yake. Kujua kama zimechoka, piga uzi bila kuubonyeza, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12. Sauti ya pili iwe ileile, juu oktava moja. Ikipinda kwenye uzi mmoja, badilisha huo. Ikipinda kwenye zote na bado ni mpya, huenda tatizo liko kwenye mfupa wa daraja, kile kipande chembamba kinachobeba nyuzi, na hapo ni kazi ya fundi.