Kukodi studio ya familia Les Menuires bila kuumia mfukoni
Kwa familia ya watu 4 inayokwenda kuteleza kwenye theluji Les Menuires, Ufaransa, studio (nyumba ndogo ya chumba kimoja) yenye jiko huokoa pesa kuliko hoteli. Likizo za shule za Februari ziepuke kabisa, bei hupaa. Studio nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi.

Kabla ya kulipa, uliza mashuka, taulo na usafi wa mwisho, maana mara nyingi hulipiwa pembeni. Uliza pia ramani ya studio: tangazo la “watu 4” huweza kuwa kitanda cha sofa sebuleni na kitanda cha ghorofa kwenye upenyo wa mlangoni, bila dirisha.

Nunua vyakula Moûtiers, mji ulio bondeni, kabla ya kupanda mlima. Viatu vya skii (vya kutelezea kwenye theluji) visilale garini: plastiki hukakamaa kwa baridi, na asubuhi mguu wa mtoto hauingii.