Namna ya kupanga kache ya simuleta ya ndege kwa anayetumia intaneti ya kifurushi

Ukiruka katika simuleta ya Microsoft Flight Simulator kutoka uwanja wa Kigoma (msimbo wake ni HTKA), ukakata kona juu ya Ziwa Tanganyika na kurudi upande wa Ujiji, huenda ukakutana na kero mojawapo kati ya mbili. Ama ardhi iliyo chini yako inaonekana kama imemwagiwa uji, mapaa hayana kingo na barabara hazijulikani zinakoishia; ama picha inakwama kwa nusu sekunde kila unapogeuza kichwa. Wengi wetu hukimbilia kuongeza kache, yaani nafasi ya diski inayotunza picha za ardhi, kwa kero zote mbili, ilhali vyanzo vyake havifanani, na kache hutibu vizuri ile ya kwanza tu.

Microsoft Flight Simulator iliyotoka Agosti 2020 haikai yote kwenye diski yako. Picha za setilaiti na maumbo ya ardhi, ambayo jumla yake yanazidi petabaiti 2 (gigabaiti milioni 2), yamewekwa kwenye seva, na kompyuta yako huvuta kile kipande unachokipita kwa wakati huo. Kache ni ghala la vipande vilivyokwisha kuvutwa, ili ukirudi mahali palepale visivutwe upya. Ghala hilo haliongezi nguvu ya prosesa wala ya kadi ya michoro: kompyuta inayotoa fremu (picha) 24 kwa sekunde wakati ardhi yote imekwisha kupakiwa, itaendelea kutoa 24 hata ukiipa kache ya gigabaiti 100.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Washa Developer Mode (hali ya wasanidi), fungua menyu ya Debug na uchague Display FPS, yaani idadi ya fremu kwa sekunde. Kisanduku kitakachojitokeza kitakwambia kinachokuchelewesha: kikiandika MainThread, prosesa ndiyo iliyoelemewa, kikiandika GPU, ni kadi ya michoro. Kisha zima data za mtandaoni za Bing, ndizo picha za ardhi zinazovutwa, na uruke njia ileile. Ikiwa kukwama kumeisha, tatizo liko kwenye mtandao au kwenye kache, na maelezo yanayofuata yatakufaa. Ikiwa kumebaki vilevile, punguza kwanza mawingu, vivuli na umbali wa maelezo ya ardhi, kwa sababu kache haitakusaidia.

Mipangilio yenyewe iko kwenye Options, General Options, kisha Data. Kwanza utaona Rolling Cache, yaani kache inayojizungusha: ikijaa, hufuta data za zamani ili kupisha mpya. Katika toleo la 2020 huja ikiwa na gigabaiti 8. Kiasi hicho kinamtosha anayezunguka juu ya mji mmoja, lakini ni kidogo kwa anayesafiri kila wikiendi kutoka Kigoma hadi Tabora na kuendelea Dar es Salaam, kwa maana kipande cha Kigoma kinaweza kuwa kimekwisha kufutwa kabla hajarudi. Kwa msafiri wa namna hiyo mimi hupendekeza gigabaiti 16 hadi 32. Anayeruka leo Nepal na kesho Norwei hapati faida kubwa, maana harudi alikopita. Ukumbuke pia kwamba nafasi uliyoitaja huchukuliwa yote mara moja, kabla hata ya safari ya kwanza, hivyo hakikisha diski ina nafasi.

Mahali pa kuliweka faili hilo pana uzito kuliko ukubwa wake. Liweke kwenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka. Diski ya zamani ya kuzunguka inaweza kuchelewa kusoma vipande vingi vidogo kwa pamoja, na hapo kache huanza kuleta kukwama badala ya kukuondolea. Mwenye diski hiyo peke yake na mtandao mzuri anaweza kuizima kache kabisa. Mwenye mtandao wa kusuasua avumilie, aibakishe ikiwa ndogo.

Ya pili ni kache ya mkono, Manual Cache, na kwa mtu wa huku ndiyo yenye manufaa zaidi. Unafungua ramani, unachagua eneo na ubora wa picha, kisha unalipakua kabla ya kuruka. Fanya hesabu kwanza: mtandao wa megabiti 10 kwa sekunde huleta megabaiti 1.25 kwa sekunde, hivyo gigabaiti 8 zitachukua kama saa moja na dakika 47, tena ikiwa kasi haijashuka hata mara moja, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia. Ndiyo maana kazi hii mimi huifanya kwa kifurushi cha usiku. Ubora wa juu nauchagua kuzunguka viwanja vya Kigoma na Tabora pamoja na ufuko kuanzia Gombe hadi Ujiji. Kuanzia Uvinza, Kaliua hadi Urambo ubora wa kati unatosha, kwani ukiwa juu sana pori la miombo ni pori tu. Kache hii haijifuti yenyewe, kwa hiyo eneo likipata picha mpya kutoka kwa watengenezaji, ifute na uipakue tena, la sivyo utaendelea kuona za zamani. Toleo la 2024 lilitoka bila kache hii, nalo huvuta mtandaoni hata sehemu za ndege zenyewe. Linataka angalau megabiti 10 kwa sekunde na hupendekeza 50.

Kufuta Rolling Cache nako kuna wakati wake. Umeme uliwahi kukatika nikiwa hewani, na siku iliyofuata nilikuta vipande vya msitu vikielea juu ya maji ya ziwa. Nilipoteza jioni mbili nikiilaumu kadi ya michoro, kumbe faili la kache lilikuwa limeharibika. Nililifuta kwenye ukurasa uleule wa Data, nikaliunda upya, na ziwa likarudi kuwa ziwa.

Kule kukwama unapogeuza kichwa kunahusiana zaidi na mpangilio mwingine, Off Screen Terrain Pre-Caching, ulio upande wa michoro. Huu huamua ni kiasi gani cha ardhi usiyoitazama kiandaliwe mapema kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Ukiwa na RAM ya kutosha, uweke Ultra. RAM ikiwa finyu, ushushe hatua kwa hatua. Vilevile kadi za NVIDIA zina kache yao ya maagizo ya kuchora, Shader Cache Size, ambayo mimi huiweka gigabaiti 10. Baada ya kusasisha draiva (programu inayoendesha kadi), kache hiyo hujengwa upya, hivyo usiipime kompyuta kwa safari ya kwanza.

Mwisho, ruka Kigoma hadi Tabora mara mbili kwa mwinuko uleule, ukiandika kila mara kiasi cha data kilichotumika. Safari ya pili inapaswa kutumia kidogo zaidi, ingawa haitafika sifuri, kwa kuwa hali ya hewa na ndege nyingine bado hutoka mtandaoni. Zikilingana, ongeza gigabaiti 8 na urudie.