Fizi Zikitoa Damu: Siku 14 za Kuzituliza Nyumbani

Mtu akitema povu la dawa ya meno akaliona lina wekundu, mara nyingi huacha kupasugua pale "papumzike". Hilo ndilo kosa linalouendeleza ugonjwa. Ufizi haukuvimba kwa kusuguliwa. Umevimba kwa sababu ukingoni mwake, pale unapokutana na jino, pamekaa ukoga ambao mswaki haukuufikia.

Ukoga ni utando laini wa bakteria, mweupe au wa manjano hafifu. Pitisha ukucha kwenye shina la jino utauona. Bakteria hao hutoa sumu, mwili nao hupeleka damu nyingi hapo kupambana nao. Mishipa midogo hutanuka, na ngozi nyembamba ya ndani ya ufizi huchubuka kwa kuguswa tu. Kwa hivyo panapotoka damu ndipo panapodai mswaki.

Hili lilionyeshwa wazi mwaka 1965 nchini Denmark, mtafiti wa meno Harald Löe na wenzake walipowaachisha watu 12 wenye fizi nzima kusafisha meno. Wote fizi ziliwavimba, kati ya siku ya 10 na ya 21. Waliporudia mswaki, fizi zilipoa kwa muda wa wiki moja hivi. Sisi twakupa wiki mbili, kwa sababu mkono nao huchukua siku kadhaa kujifunza.

Jikague kwanza

Simama penye mwanga, vuta mdomo, tazama ncha za ufizi zinazoingia kati ya jino na jino. Ufizi mzima umekaza, ncha yake ni nyembamba na imelala juu ya jino. Uliovimba huwa mnene, unang'aa, ncha imefura kama punje ya kunde. Utasoma kwingi kwamba ufizi mzima ni wa waridi. Wengi wetu fizi zetu zina weusi wa asili na weusi huo si ugonjwa, basi usihukumu kwa rangi, hukumu kwa umbo.

Tazama pia nyuma ya meno ya mbele ya chini, mate yanakomwagika. Ukoga ulioachwa pale huanza kugeuka jiwe ndani ya siku moja hadi tatu. Ukishakuwa jiwe, hakuna mswaki wala unga utakaoutoa. Usiuchokoe kwa pini wala ncha ya kisu. Utakwaruza jino na kupasua ufizi, na nusu ya jiwe itabaki chini usikoona.

Mvutaji sigara asijipe moyo kwa kutoona damu. Nikotini hubana mishipa, ufizi ukaonekana mkavu na mtulivu huku mfupa unaliwa chini kwa chini.

Hatua ya 1: mswaki, mara mbili kwa siku, dakika 2

Chukua mswaki wenye nywele laini. Ule mgumu unaopendwa kwa kuwa "unasafisha kweli" hula shina la jino na kuufanya ufizi urudi nyuma, na ukisharudi haushuki tena wenyewe.

Elekeza nywele kwenye ufizi kwa pembe ya nyuzi 45, nusu ya nywele zikiwa juu ya jino na nusu juu ya ukingo wa ufizi. Tikisa mbele na nyuma kwa mwendo mfupi sana, usiozidi upana wa jino moja, mara 10 hivi, kisha fagia kutoka ufizini kuelekea ncha ya jino. Sogea meno mawili au matatu, urudie. Shika mswaki kwa vidole kama kalamu. Ukiushika kwa ngumi utakandamiza kupita kiasi. Nywele zikipinda nje kabla ya miezi mitatu, jua mkono wako ni mzito.

Anzia upande wa ndani wa meno ya chini, ule wa ulimi. Karibu kila mtu huanza na meno ya mbele yanayoonekana, akifika ndani amechoka, na ndani ndiko ukoga unakojilimbikiza. Dawa ya meno iwe na floraidi ya 1000 hadi 1500 ppm (sehemu kwa milioni), kiasi cha punje ya njegere. Ukimaliza tema, usisuuze kwa maji mengi.

Wanaotumia msuaki wa mti, ule unaouzwa kwa vifungu nje ya misikiti, hawana haja ya kuuacha. Shirika la Afya Duniani liliupendekeza mwaka 1986 pale unapotumika kidesturi. Kasoro iko katika utumiaji. Menya ganda sentimita moja, roweka, tafuna mpaka nyuzi zitawanyike ziwe laini, halafu sugua kutoka ufizini kuelekea jino, si kushoto kulia kama mtu anayekata mbao kwa msumeno. Kata nyuzi zilizotumika kila siku, utafune mpya. Upande wa ndani na kati ya meno haufiki vizuri, kwa hivyo usiku tumia mswaki wa kawaida.

Hatua ya 2: kati ya meno, mara moja, usiku

Uvimbe wa fizi mara nyingi huanzia hapa. Kata uzi wa meno wa dhiraa moja, kiasi cha sentimita 45, uzungushe kwenye vidole vya kati ubakishe kipande kifupi cha kufanyia kazi. Upenyeze kwa kuusogeza taratibu. Ukiuchapa kwa nguvu utakata ufizi. Ukishapita, ukumbatishe jino la upande mmoja, upandishe na kuushusha mara tano, kisha ukumbatishe jino la jirani. Damu itatoka siku tatu nne za mwanzo. Endelea.

Penye mapengo mapana, viburashi vidogo vya kati ya meno hufanya kazi kuliko uzi. Kisichoingia bila kulazimishwa ni kikubwa mno. Uzi wa cherehani hukatika ukabaki ndani, na kijiti baada ya mishkaki ni cha kutoa nyama tu, hakigusi ukoga.

Hatua ya 3: kusukutua

Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye gilasi ya maji ya uvuguvugu, mililita 250. Sukutua kwa sekunde 30, tema, rudia mpaka gilasi iishe, mara mbili au tatu kwa siku. Chumvi hutuliza na kusafisha kidonda, ukoga hautoi. Maji ya bahari si badala yake. Yana chumvi kiasi cha gramu 35 kwa lita, karibu mara tatu ya unayohitaji, na hori ya Tudor, hapa Mombasa, hupokea maji taka ya mji.

Kama uvimbe ni mkubwa, duka la dawa litakuuzia maji ya kusukutua ya klorheksidini, dawa ya kuua bakteria. Yenye asilimia 0.2, tumia mililita 10 kwa dakika moja, asubuhi na jioni, yasizidi wiki mbili. Subiri nusu saa baada ya kupiga mswaki, maana povu la dawa ya meno huyapunguzia nguvu. Chai ya rangi na kahawa tungu zikifuatana nayo hutia meno madoa ya hudhurungi. Ladha ya chakula nayo hubadilika kwa muda. Madoa hayo hutolewa na daktari wa meno.

Mwezi wa Ramadhani, sukutua baada ya futari na kabla ya daku. Piga mswaki baada ya daku, hasa ukiwa umekula tende, kwani mate hupungua mchana na kinywa kikavu hakijisafishi.

Yanayoharibu kazi

Mafuta ya karafuu yasiyochanganywa hutia ganzi na kuunguza ufizi kwa pamoja. Maumivu yanaisha, kidonda kinabaki. Aspirini iliyowekwa ufizini huunguza vilevile. Limau na chumvi hula jino. Tambuu ni mbaya maradufu: chokaa inachoma ufizi, na popoo ilitambuliwa kuwa inasababisha saratani hata bila tumbaku. Mtafunaji wa miraa au muguka achunguze lile shavu analowekea, mara nyingi ndiko ufizi uliko mbaya zaidi, na bigijii zenye sukari za kupunguza uchungu zinaongeza meno kutoboka.

Kisha kuna desturi ya kununua kapsuli chache za amoksilini au metronidazoli bila kupimwa. Uvimbe wa kawaida wa fizi hauhitaji antibayotiki: ukoga una utando unaoukinga, dawa ikiisha bakteria wako palepale. Tena metronidazoli haichanganywi na pombe, tembo la mnazi likiwemo.

Siku ya 7 na ya 14

Kufikia siku ya 7 damu inatakiwa iwe imepungua waziwazi. Ikibaki sehemu moja tu, kuna jiwe hapo, au jazo la jino lenye ukingo mbaya. Siku ya 14 ikifika na bado inatoka kinywa kizima, nenda kwa daktari wa meno, na sukari ipimwe pia. Kisukari kisichodhibitiwa huzidisha ugonjwa wa fizi, nao ugonjwa huo hupandisha sukari. Mjamzito huvimba fizi kwa urahisi kwa sababu ya homoni; atibiwe, asingojee kujifungua. Anayemeza nifedipini au amlodipini ya presha, au fenitoini ya kifafa, akiona fizi zinaota kufunika meno, amwambie daktari aliyemwandikia. Asiache dawa mwenyewe.

Usingojee siku 14 ukiona usaha, jino linacheza, uso umevimba pamoja na homa, au ncha za ufizi zimeoza na kuwa za kijivu zenye maumivu makali na harufu nzito. Damu ya fizi pamoja na michubuko ya mwilini isiyo na sababu inataka kipimo cha damu haraka.

Kwa daktari utapimwa kina cha mfuko kati ya jino na ufizi. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kuanzia 4 huenda ugonjwa umeshuka kwenye mfupa. Jiwe litakwanguliwa. Wengi hukimbia hapo kwa kusikia kwamba kukwanguliwa kunalegeza meno. Jino lililokuwa likishikiliwa na jiwe lilishalegea zamani, jiwe lilificha tu. Baada ya kukwanguliwa, maji baridi yatakuuma kwa siku kadhaa na ulimi utasikia mapengo ambayo hukuwa nayo. Hapo jiwe lilipokuwa ndipo pa kupitisha uzi usiku huohuo, taratibu.