Dengue (kidingapopo): inaingiaje mwilini na ufanye nini ukiumwa

Watu wakisikia mbu wanawaza usiku na neti, sasa huyu wa dengue, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana, hasa asubuhi na jioni jioni, kwa hiyo ukitegemea neti tu imekula kwako. Akimnyonya mgonjwa, kirusi kinazaliana ndani yake siku kama 8 hadi 12 mpaka kifike kwenye mate, hapo ndo akikuuma wewe anakiacha. Nawe unakaa siku 4 hadi 10 hujui kitu, halafu ghafla homa kali, macho yanauma kwa nyuma, viungo kama umepigwa na rungu.

Kwanza kapime, dengue na malaria vyote, Dar mwaka 2019 ilivyolipuka wengi walijua ni malaria tu. Homa meza panadol kwa dozi yake, ila diklofenaki, ibuprofeni na aspirini achana nazo kabisa, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Kunywa sana, maji, uji, madafu.

Hapa ndo watu wanateleza: homa ikishuka, kama siku ya 3 hadi ya 7, usijidai umepona, ndo wakati mishipa inaweza kuvujisha majimaji ya damu, ukiona tumbo linauma sana, unatapika hovyo, fizi zinatoka damu au unalegea, hospitali saa hiyo hiyo.

Nyumbani mwaga maji ya kwenye matairi, vifuu na visahani vya maua kila wiki, na usugue kingo, mayai yanaganda pale hata pakikauka.