Kuchagua dawa ya kusafishia mashine ya kukaangia kahawa

Kwa anayekaanga kahawa ya Kivu hapa Bukavu, uchafu unaosumbua zaidi ni mafuta ya buni, ambayo huganda kwenye sinia ya kupozea na bomba la moshi hadi yakawa kama lami. Mashine ikishapoa na kuzimwa umeme, ondoa kwanza makapi kwa brashi kavu, maana hushika moto upesi. Vipande vya chuma kisichoshika kutu vilowekwe katika maji ya moto yenye sodiamu pakaboneti (unga mweupe wa kuondolea madoa, unaotoa oksijeni ndani ya maji), ukiwa umevaa glavu. Soda kostiki ya watengeneza sabuni, ingawa hupatikana kwa urahisi, hula alumini. Javeli nayo, yaani dawa ya maji ya kung'arishia nguo, ikikutana na siki, hutoa gesi ya klorini. Ndani ya pipa la kukaangia, mimi situmii dawa yoyote: brashi inatosha.